Glogi haichemshwi jamani, inalowekwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ile makala yenu ya vinywaji vya Krismasi, ile iliyofika mpaka Uswidi ikaelezea glögg, waini yao ya moto yenye viungo ambayo sisi tunaoishi huku tunaiita glogi tu. Makala ni nzuri sikatai, picha zimependeza, ila kwenye namna ya kutengeneza mwandishi wenu kawaambia watu wamimine waini kwenye sufuria, watie mdalasini wa unga na karafuu ya unga, waweke moto mkali, ichemke dakika ishirini, basi wagawie wageni. Jamani! Ukiionja hiyo ni kama dawa ya jino.

Siandiki kumvunjia mtu heshima, najua kazi ya gazeti ina haraka zake na mapishi ya mbali mtu unayaokota unapoyakuta. Lakini mnasomwa na ndugu zetu wengi waliopo huku Uswidi, wengine ndo Krismasi yao ya kwanza, wanataka na wao kualika majirani na wafanyakazi wenzao, na ukimpa Mswidi glogi iliyochemshwa hatakwambia kitu maana ni watu wa adabu, atashika kikombe, atasema asante sana, alafu utakikuta baadae dirishani kimejaa vilevile. Kwahiyo bora niseme mimi. Moto kwenye glogi ni kazi ya mwisho na ni ndogo kuliko zote, kazi yenyewe inakuwa imeshafanyika siku kadhaa nyuma, ndani ya chupa kabatini, bila hata kuwasha jiko.

Kwa wasioijua, huku sikukuu haisubiri tarehe 25. Inaanza Jumapili ya kwanza ya Adventi, zikiwa zimebaki Jumapili nne kufika Krismasi, watu wanawasha mshumaa wa kwanza kati ya minne na madirishani zinawekwa taa za nyota, na kuanzia siku hiyo ni glogi kila unapogeuka, kazini glogi, kwa jirani glogi, ukienda kanisani baada ya ibada kuna ile isiyo na kilevi. Tarehe 13 Desemba ni siku ya Lucia, wasichana wanavaa kanzu nyeupe na mmoja anavaa taji la mishumaa, inaliwa mikate midogo ya zafarani na biskuti nyembamba za tangawizi, glogi pembeni. Siku kubwa yenyewe ni tarehe 24, na hapo pia ipo kabla ya chakula. Na hii kitu mtu hawezi kuelewa inafanya kazi gani mpaka aone giza la huku, Stockholm katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, ukipanda kaskazini mpaka Kiruna ndo kabisa, halichomozi kwa wiki kadhaa. Sasa umetoka nje, barafu imekushika masikio, unavua viatu mlangoni, unawekewa mkononi kikombe kidogo cha moto kinachonukia iliki, ndani kuna zabibu kavu na lozi na kijiko cha kuzitolea. Hapo hata mtu asiyejua kuongea anaanza kuongea, na wale wanaowajua Waswidi wataelewa hilo sio jambo dogo.

Haya, kwanini isichemke. Kilevi chenyewe kinachemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji 100, na waini ni mchanganyiko wa hivyo viwili, kwahiyo ukiiweka kwenye moto mkali kilevi ndo kinatangulia kuondoka na mvuke, kinaondoka na harufu zote nzuri za waini na za viungo, jikoni kwako kutanukia vizuri sana, ila ndo umeshagawia dari wageni wako wakabakiwa na kilichobaki. Halafu kinachobaki ni ule ukali, maana ile kitu inayokausha ulimi kwenye waini nyekundu haiondoki na mvuke, inazidi kujikusanya jinsi maji yanavyopungua, na karafuu ikichemka muda mrefu inatoa uchungu unaoganda kooni. Watu wakionja wanaona chungu, wanaongeza sukari, bado chungu, wanaongeza tena, mwisho unapata uji wa sukari wenye uchungu. Na ule unga wa mdalasini ndo balaa zaidi kwasababu hauyeyuki, unavimba unakuwa kama ute, unakaa chini ya kikombe, na hakuna kitambaa cha kuchujia kitakachoutoa wote.

Kwahiyo viungo viwe vizima, na viloweke kwenye pombe kali. Sababu yake ni rahisi, mafuta yanayobeba harufu ya karafuu, mdalasini na iliki hayapendi maji, yanapenda kilevi, ukiviweka kwenye vodka ya kawaida isiyo na ladha yoyote, ile ya asilimia 40 au karibu na hapo, vinatoa harufu yao yote bila moto na bila kuungua. Waswidi wa zamani walitumia pombe yao kali wanayoiita brännvin, leo wengi vodka inatosha, wengine rumu, wengine konyaki kama wanajisikia matajiri. Mimi nasema vodka, maana ukitia rumu unaanza kunywa rumu.

Nitoe na vipimo kabisa kwa chupa moja ya waini ya mililita 750, anayetaka nyingi azidishe. Chukua desilita moja ya vodka, yaani mililita 100, weka kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko. Tia vijiti viwili vya mdalasini ulivyovivunja vunja, karafuu kama kumi tu na usiongeze hata kama mkono unawasha, kijiko cha chai cha mbegu za iliki ulizozitoa kwenye maganda yake ukazigonga kidogo zipasuke tu zisiwe unga, na kipande cha tangawizi kavu cha ukubwa wa pingili ya kidole gumba. Tangawizi mbichi inawezekana ila inaleta ule ukali wa majimaji ambao sio wenyewe. Alafu ganda la danzi, na hapa ndo watu wengi wanateleza, wanaona limeandikwa chungwa chungu kwenye resipi wanatupa ganda la chungwa lolote na ile nyama nyeupe yake yote. Danzi lina harufu yake nyingine kabisa, na supamaketi za huku zinauza maganda yake yaliyokaushwa, utayaona kwenye rafu ya viungo yameandikwa pomeransskal. Ukiyapata loweka kwanza kidogo kwenye maji yalainike ukwangue weupe wa ndani, ukikosa kabisa menya chungwa kwa kisu cha makali, ile rangi ya juu tu, uone kisu kwa upande wa pili kama karatasi.

Funika, weka kabatini, kila siku ukipita tikisa. Siku ya pili ile vodka inakuwa rangi ya chai, siku ya tatu fungua unuse na uonje tone moja kwenye ncha ya ulimi. Kama karafuu imeshaanza kupiga kelele kuliko wenzake chuja hapohapo usisubiri. Kama iliki bado haisikiki acha siku moja mbele. Siku mbili mpaka nne zinatosha, ukiacha wiki nzima unapata kitu kichungu na hakuna dawa yake. Mi naamini iliki ndo iwe ya kwanza kusikika, na Waswidi wenyewe ukiwaangalia ndo walivyo, wanaipenda iliki kupita kiasi, wanaitia mpaka kwenye maandazi yao ya kunywea kahawa, sisi tuliolelewa na iliki kwenye chai na kwenye vitumbua hapo tuna haki ya kusimama kifua mbele tusibabaishwe na mtu. Ukishachuja hiyo vodka kwenye chujio na kitambaa safi inakaa hata mwaka kwenye chupa iliyofungwa vizuri, kwahiyo kuna watu wanatengeneza nyingi Novemba wanazitoa kidogo kidogo.

Waini sasa. Hapa nitasema jambo ambalo wapenzi wa waini watanuna: usinunue ya gharama. Ile waini iliyokaa miaka kwenye pipa la mwaloni, yenye historia ndefu nyuma ya chupa, ukiitia sukari na karafuu umeiua na pesa yako imekufa nayo. Tafuta nyekundu changa, yenye tunda, isiyokausha sana ulimi, na ya boksi haina tatizo lolote. Huku pombe zinauzwa Systembolaget, duka la serikali, na chini ya kronor 100 unapata chupa inayofaa kabisa. Ila duka hilo lina sheria zake na ndugu zetu wageni wanakwama hapo kila mwaka: hununui kama hujatimiza miaka 20, na ukionekana kijana utaombwa kitambulisho, Jumamosi mengi yanafunga saa tisa alasiri, Jumapili hayafunguliwi, na tarehe 24, 25 na 26 Desemba yamefungwa. Ukisema utanunua siku yenyewe ya Krismasi imekula kwako. Supamaketi za kawaida utakuta chupa zimeandikwa glögg ukafurahi, soma vizuri, kule haiwezi kuzidi asilimia 2.25 ya kilevi kwa sheria, ndo maana nyingi zimeandikwa 2.2. Sio mbaya, ni nyepesi tu, ila usije ukadhani umepata ile yenyewe.

Siku ya wageni, mimina waini kwenye sufuria ya stenlesi au ya enameli, sio ya aluminiamu, maana asidi ya waini inaila aluminiamu na utasikia ladha ya chuma. Tia sukari, anza na gramu 100, Waswidi wengi wanafika mpaka 150 maana glogi yao ni tamu kweli, mi ninaishia katikati. Washa moto mdogo, koroga sukari iyeyuke. Mwenye kipimajoto cha jikoni aishie nyuzi 60 mpaka 70, asiye nacho aangalie mvuke, ukianza kupanda mwembamba na pembeni ya sufuria kukaanza kuonekana vipovu vidogo vya kwanza, zima, hapo ndo mwisho. Ile vodka ya viungo mimina sasa, mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa. Onja, ongeza sukari kidogo ukipenda. Kama wageni wanakuja kwa mafungu usiiache kwenye jiko ikijipika taratibu jioni nzima, itie kwenye chupa ya chai, ile ya kutunza moto, itakaa saa kadhaa na hakuna kilichopotea. Nashangaa hii haisemwi kwenye resipi na ni kitu ambacho kila nyumba inacho.

Hesabu ndogo kwa wanaodhani ni juisi ya sikukuu. Waini ya asilimia 13, mililita 750, ongeza desilita ya vodka ya asilimia 40, ongeza na sukari, ukipiga hesabu unapata kinywaji cha kama asilimia 15, yaani kikali kuliko waini uliyoanzia nayo. Ndo maana vikombe vya glogi ni vidogo hivyo, chini ya desilita moja, sio ubahili wa Waswidi kama nilivyosikia watu wanasema. Vikombe viwili vinazidi glasi moja ya waini ya mezani, na kwasababu ni vya moto na vitamu havijitangazi, unakuja kushtuka unaposimama. Na huku mwisho wa kuendesha gari ni promili 0.2 kwenye damu, yaani sehemu 0.2 ya kilevi kwa elfu, ambayo ni ndogo sana, usikae unapiga mahesabu mezani kwamba kikombe kimoja sijui kimeshatoka mwilini, ukija na gari kunywa ile isiyo na kilevi.

Zabibu na lozi ziwekwe kwenye vibakuli mezani kila mtu ajichotee, zisipikwe pamoja na glogi kama mlivyoandika. Lozi zimwagie maji ya moto kidogo zimenyeke ganda lake, zinabaki nyeupe. Zabibu zinazokaa chini ya kikombe zinanyonya waini, na ukimaliza kunywa unazila kwa kijiko, kuna watu mi naamini wanakuja kwa ajili ya hizo tu. Angalieni watoto wasiokote vikombe vilivyoachwa mezani kwa ajili ya zabibu, hilo linatokea sana.

Makala pia imesema ni kinywaji kilekile cha Wajerumani, Glühwein. Ndugu moja ndiyo, kitu kimoja hapana. Glühwein inanyweka nje, kwenye masoko ya Krismasi kama lile la Dresden ambalo lipo tangu 1434, kwenye kikombe kikubwa unachokilipia amana, na kwa kawaida haina pombe kali ndani mpaka uombe mwenyewe waongeze. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka isiwe chini ya asilimia 7 na wamekataza kuiongezea maji, safi sana. Glogi ni ya ndani ya nyumba, kikombe kidogo, tamu zaidi, ina iliki, ina zabibu na lozi. Wanorwe na Wadenmaki wanayo ya kwao, Wafini pia, na kule Ufini ukikaribishwa mara nyingi ni juisi ya moto yenye viungo tu isiyo na kilevi mpaka useme unataka.

Kwenye historia mmepita mbio na mi sitakaa sana. Waini kutiwa viungo na asali ni mambo ya tangu Warumi. Uswidi inasimuliwa kwamba mfalme Gustav Vasa, aliyetawala kuanzia 1523 mpaka 1560, alipenda waini ya Kijerumani yenye sukari, asali, mdalasini, tangawizi, iliki na karafuu, na kwa bei ya viungo enzi hizo ilikuwa lazima uwe mfalme. Kuhusishwa na Krismasi kukaja kukolea mwishoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara wa waini kila mmoja na mchanganyiko wake, chupa zina lebo za mandhari ya Krismasi. Halafu Waswidi wenyewe na pombe wana historia yao ngumu, mwaka 1922 walipiga kura ya maoni kama ipigwe marufuku kabisa, waliokataa marufuku wakapita kwa asilimia 51 tu, na mpaka 1955 pombe kali ilikuwa ya kijitabu, unanunua kwa mgao na mhuri unagongwa. Fikiria mtu kwenye mgao wake wa mwezi anatoa desilita moja kulowekea karafuu za wageni. Siku hizi ni biashara kubwa, tangu 2003 kampuni ya Blossa inatoa kila mwaka glogi ya ladha mpya na chupa ya mwonekano mpya, kuna watu wanakusanya hizo chupa tupu kwenye rafu miaka nenda rudi, kila mtu na ugonjwa wake.

Kuna ile ya zamani ya moto, ambayo picha yenu moja imeionyesha bila maelezo yoyote na hapo ndo nilipopata wasiwasi kweli. Waya wa chuma unawekwa juu ya sufuria, juu yake donge la sukari au vipande vya sukari, vinamwagiwa pombe kali, vinawashwa, sukari inayeyuka inaungua kidogo inadondokea ndani, inaleta ladha ya sukari iliyokaangwa, nzuri sana, taa zinazimwa watu wanaangalia ule moto wa bluu. Lakini tafadhali, anayetaka kujaribu asimwage kamwe pombe kutoka kwenye chupa juu ya moto unaowaka, moto unapanda na ule mmiminiko mpaka ndani ya chupa na chupa inakurushia usoni wewe na waliokaa mbele yako. Pombe inapimwa pembeni kwenye upawa wa chuma, chupa inafungwa inawekwa mbali, ndo unawasha. Mfuniko wa sufuria uwe mkononi wa kuuzimia, mapazia na nywele ndefu mbali, mashine ya kunyonya mvuke juu ya jiko izimwe maana ina mafuta. Na ukitaka ladha ileile bila sarakasi, kaanga sukari kwenye sufuria kavu mpaka iwe kahawia, toa jikoni, mwagia waini kidogo kidogo. Itaganda kwanza kama kioo, usiogope, inayeyuka tena.

Nimeacha la mwisho ambalo makala haikuligusa hata kwa mstari mmoja, na kwa wasomaji wa gazeti hili nadhani ndo lilitakiwa kuwa la kwanza. Nusu ya wageni wangu hawanywi pombe. Kuna Waislamu, kuna walokole, kuna wajawazito, kuna watoto, kuna wenye gari, kuna asiyetaka tu na hadaiwi sababu. Wenyeji wengi hapo wanatoa soda, au wanachukua ile glogi ya waini wanaichemsha sana wakidhani kilevi kimeisha. Hakijaisha! Hata ukichemsha dakika nyingi kinabaki kiasi, na kumpa mtu hicho ukamwambia hakina kitu ni kumdhulumu. Tengeneza sufuria nyingine toka mwanzo. Juisi ya zabibu nyekundu peke yake ni tamu mno, ichanganye nusu kwa nusu na juisi ya tufaha isiyotiwa sukari, au upate ile ya matunda madogo meusi wanayoita svarta vinbär, ina ukali mzuri na rangi yake ni ya waini kabisa. Hapa hakuna vodka ya kulowekea kwahiyo sasa moto unaruhusiwa, chemsha viungo vilevile kwenye kikombe kimoja cha maji kwa moto mdogo robo saa, mfuniko juu, acha vikae humo usiku mzima, asubuhi chuja uchanganye na juisi. Sukari pengine huhitaji hata kijiko. Ukali unaokosekana unaurudisha kwa maji ya ndimu kidogo, na ukitaka ule mkausho wa ulimi wa waini tia chai ya rangi nzito nusu kikombe kwa lita, wachache wanajua hii na inafanya kazi. Kwa watoto wadogo acha chai.

Alafu sufuria mbili, upawa mbili, vikombe vya rangi tofauti, na uandike karatasi ubandike. Usitegemee kukumbuka ipi ni ipi nyumba ikishajaa. Upawa mmoja ukizamishwa pande zote mbili yule aliyekuamini umemharibia. Na vyote vitolewe kwa pamoja mezani kwa vikombe vizuri sawa, mgeni asiyekunywa asiletewe glasi ya plastiki kutoka jikoni kama ameadhibiwa.

Ikibaki iliyo na waini usiipashe mara ya tatu na ya nne, imeshachoka. Chemshia mapeazi yaliyomenywa, au ipunguze kwenye moto iwe nzito kama asali uimwagie kwenye aiskrimu, huko ndo sasa kuchemsha kunafaa.

Ombi langu kwako Mhariri, kama barua hii itapata nafasi basi itoke mapema Novemba, isisubiri toleo la Krismasi. Adventi ya kwanza inaangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, toa hapo siku nne za kuloweka na siku ya kwenda Systembolaget kabla hawajafunga Jumamosi, utaona muda sio mwingi. Na kwenye ile makala yenu ya mtandaoni mnaweza kufuta lile neno "chemsha" leoleo, haitachukua dakika.

Msomaji wenu,
Uppsala, Uswidi